Na Kipande cha Pili Kiko Wapi?

Hotuba kuhusu kubadilishana ardhi kati ya misitu ya umma na wenye ardhi binafsi, iliyotolewa Masindi, Uganda, mbele ya wenye misitu, wakulima na viongozi wa vijiji. Kwa kuwa mvua iliwazuia wengi njiani, imewekwa hapa yote. Ramani zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliotangulia kuliona jua, akina mama, viongozi wa vijiji, na ninyi vijana wa chuo cha misitu cha Nyabyeya mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze Kiswahili, na ombi hilo halikunishangaza. Mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha Budongo atawaambia kwamba pale Mnyoro, Mualur, Mlugbara, Mwacholi na Mkongo waliweka mabega chini ya gogo moja, na aliyepaza sauti kuamuru "vuta!" aliamuru kwa Kiswahili. Jambo lililotuleta hapa leo ni gogo la namna ileile. Hakuna kabila linaloweza kulibeba peke yake.

Wengi wenu mna vipande vya msitu kando ya mito, kuanzia upande huu wa msitu wa Budongo hadi kule kwenye misitu ya Wambabya na Bugoma. Mmevirithi, mmevinunua, au mmevikuta tu vikiwa ndani ya mipaka ya mashamba yenu. Miongoni mwenu wapo walioniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, swali moja: je, inawezekana mimi nikaiachia serikali msitu wangu wa mtoni, nayo ikanipa kipande cha hifadhi kilichokwisha miti, nikalima? Swali hilo ni la haki, na halina jibu la neno moja. Mimi ni mpima ardhi. Nilianza nikiwa mshika mnyororo, kijana wa kubeba vigingi na kufyeka mstari, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa kuweka mipaka ambayo wengine waliitia saini wakiwa wamekaa kwenye viti. Kwa hiyo nitalijibu swali lenu kwa jicho la mtu wa mipaka.

Ndugu zangu, mabadilishano ni biashara ya vipande viwili. Kimoja kinatoka, kimoja kinaingia. Sisi katika nchi hii tumekuwa hodari sana wa kukiona kipande kinachotoka, kwa sababu kinatoka kwa kelele za pawasoo, misumeno ya injini. Lakini kila mara ninapoletewa habari ya mabadilishano mimi huuliza swali moja tu, na leo naomba mjizoeze kuliuliza pamoja nami: na kipande cha pili kiko wapi?

Nianze na jambo la kipimo. Baba yangu mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa na kishamba chini kwenye ukingo wa kinamasi, mahali ambapo migomba haikujua kiangazi. Jirani yake alikuwa na shamba juu, karibu na barabara, na baba mdogo alitamani kufungua duka. Wakakubaliana kubadilishana. Walileta kamba moja ya katani, wakaifunga fundo kila hatua kumi, wakapima upande huu, wakapima upande ule mbele ya wazee, na vipande vyote viwili vikatoka sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake hata unyayo. Wazee walikunywa, watu wakapigana mikono. Duka halikufika mwaka wa pili. Kiangazi kilipokuja, baba mdogo alisimama juu ya marramu akitazama chini migomba aliyoipanda kwa mikono yake mwenyewe ikiwa ya kijani kwenye shamba la mwingine. Kamba ilikuwa ileile, ardhi haikuwa ileile. Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba hakuna aliyedanganya. Kamba ilisema kweli, na bado mtu mmoja alirudi nyumbani akiwa maskini.

Je, kosa hili ni la wakulima wasiokwenda shule? Hapana. Nendeni Marekani, ambako mabadilishano ya ardhi ya misitu yamefanyika kwa miaka zaidi ya mia moja. Mwaka 1864 Bunge la nchi ile liliigawia kampuni ya reli ya Northern Pacific ardhi kandokando ya njia ya reli, tena si kwa mfululizo bali kwa kuruka: maili moja ya mraba ya kampuni, maili moja ya mraba ya serikali, mpaka ramani ikafanana na ubao wa drafti. Mwaka 1900 kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser ikanunua ekari 900,000 za ardhi hiyo ya reli katika jimbo la Washington. Hebu mfikirieni bwana misitu anayetunza msitu wa umma uliotobolewa hivyo. Moto ukianza kwenye mraba wa kampuni, hautaomba ruhusa kuingia kwenye mraba wa serikali. Barabara ya kuvuna mbao ikichimbwa upande mmoja, udongo utashukia mto wa upande wa pili. Kubadilishana kulikuwa na maana kabisa: wewe chukua miraba hii, mimi nichukue ile, kila mmoja akae na ardhi iliyoshikana. Sheria ya mwaka 1922 iliruhusu jambo hilo kwa sharti kwamba thamani ya vipande iwe sawa, na sheria ya mwaka 1976 ikaruhusu pengo dogo la thamani lizibwe kwa fedha, lakini fedha hizo zisizidi asilimia 25 ya thamani ya ardhi ya umma inayotolewa.

Sheria nzuri, siyo? Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye mlima unaoitwa Huckleberry, katika jimbo lilelile la Washington. Katika miaka ya 1990 idara ya misitu iliipa Weyerhaeuser ekari 4,362, ikapokea ekari 30,253. Mnaisikia hesabu hiyo? Umma ulipata karibu mara saba. Baba yangu mdogo na kamba yake angepiga makofi. Lakini kilichotoka kilikuwa na miti ya kale iliyosimama, na sehemu kubwa ya kilichoingia ilikuwa imekwisha kuvunwa. Juu ya hayo, ndani ya ardhi iliyotolewa ilipita njia ya kale ya kabila la Muckleshoot, njia ambayo mababu zao waliitumia kupanda mlimani. Kabila lilikwenda mahakamani, na mwaka 1999 mahakama ya rufaa ikasema kwamba idara haikupima vya kutosha njia mbadala wala madhara ya jumla, na haikuilinda ile njia ipasavyo. Kufikia hapo shoka lilikuwa limeshaanza kazi. Mwaka uliofuata, 2000, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ikatoa ripoti ikisema kwamba mashirika ya umma hayakuhakikisha thamani ya haki katika mabadilishano kadhaa, na ikalishauri Bunge lifikirie kuyaacha kabisa.

Nchi yenye wathamini wengi, wanasheria wengi na magazeti mengi ilishauriwa na wakaguzi wake iache. Mimi sisemi tuache. Ninasema kwamba atakayewajia na kamba peke yake, mwambieni arudi akalete na mizani.

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu inasema nini? Wengi hudhani Uganda haina sheria ya jambo hili, na wanaotaka kutoa misitu hupenda mdhani hivyo. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba hifadhi za misitu serikali inazishika kwa dhamana ya wananchi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaongeza kwamba serikali haiwezi kuzikodisha wala kuzihamisha, inaweza tu kutoa vibali na leseni za matumizi. Kushika kwa dhamana ni nini? Ni pale jirani anapokwenda safari akakuachia ng'ombe wake. Maziwa utakunywa. Ng'ombe huuzi.

Halafu ikaja Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Taifa ya Misitu, na humo ndani mna sharti ambalo nataka kila mmoja wenu aondoke nalo kichwani. Hifadhi kuu, yaani hifadhi ya msitu iliyo chini ya serikali kuu, ikipunguzwa, ni lazima eneo jingine lisilopungua ukubwa huo litangazwe kuwa hifadhi kwa wakati uleule, na tathmini ya athari kwa mazingira iwe imethibitisha kwamba eneo hilo jipya lina thamani ya kimazingira iliyo sawa na ya kwanza au kuizidi. Nalo Bunge liwe limeridhia. Tazameni maneno hayo yanavyokwenda. Kamba imo: ukubwa usipungue. Mizani imo: thamani isipungue. Na limo neno la tatu, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: wakati uleule. Si "baadaye tutatafuta". Si "waziri atashughulikia". Wakati uleule. Aliyeandika neno hilo alikuwa anatufahamu.

Kwa nini lilihitajika? Pitieni barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja. Mkishavuka Bweyogerere mtaona viwanda pande zote, malori, ghala juu ya ghala. Hapo ni Namanve, na palikuwa hifadhi ya msitu iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990 ili pawe eneo la viwanda. Wakati ule sheria ya 2003 haikuwapo. Kijana aliyezaliwa juzi hawezi kuamini kwamba jina lile liliwahi kuwa jina la msitu. Na kipande cha pili kiko wapi?

Endeleeni na barabara hiyohiyo mpaka Najjembe, pale ambapo wauzaji wa kuku wa kuchoma na gonja hulikimbilia basi kabla halijasimama. Hapo mko ndani ya Mabira, takriban kilomita za mraba 300 za msitu. Mwaka 2007 lilikuwapo pendekezo la kutoa hekta 7,100, karibu robo yake, kwa kampuni ya sukari. Mnakumbuka kilichotokea mwezi wa Aprili: maandamano Kampala, na watu wakafa. Hayo mnayajua. Lakini lipo jambo la Mabira ambalo halisimuliwi sana, nalo ndilo linalotuhusu sisi wenye ardhi. Kabaka wa Buganda na Kanisa la Uganda, dayosisi ya Mukono, walijitokeza wakasema: kama shida ni ardhi ya miwa, sisi tunayo, chukueni yetu, uacheni msitu. Tafakarini. Wenye ardhi binafsi ndio waliokuwa wanatoa ili mali ya umma isitolewe. Tena kuna historia ndani yake, kwa maana Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uleule uliozaa ardhi ya mailo, ardhi binafsi yenye hati iliyogawiwa kwa maili za mraba, ndio ulioweka maili 1,500 za mraba za misitu chini ya serikali ya kikoloni. Baada ya miaka 107, mwenye mailo akawa mlinzi wa msitu uliochukuliwa kwa babu yake. Pendekezo lile liliwekwa kando mwaka huohuo, ingawa lilijaribu kufufuka mwaka 2011. Mimi hulitaja mara kwa mara kwa sababu linaonesha kwamba mabadilishano yanaweza kuanzia kwenu. Si lazima mkae mkisubiri mtu wa wizara aje na faili.

Na Butamira je, kule Jinja? Hifadhi ndogo tu, iliyotolewa kwa kibali cha miaka mingi kwa kiwanda cha sukari cha Kakira, wakati wanavijiji walikuwa wanapanda miti yao humo. Walikwenda mahakamani wanaharakati wa shirika la ACODE, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikasema kwamba serikali ilivunja dhamana ya umma. Hukumu nzuri. Lakini hukumu haimeshi mti, na miwa ilikuwa imeshaota.

Naomba sasa niwachukue kwenye eneo langu hasa, kwenye mpaka wenyewe.

Nilipokuwa mshika mnyororo, mzee mmoja wa idara ya misitu alinipeleka kwenye kona ya hifadhi. Tulitembea tangu alfajiri, nyasi zikitukata magoti. Nilitarajia kuona nguzo ya saruji yenye namba. Nikaoneshwa kichuguu. "Si kichuguu hicho," mzee akaniambia, "piga panga." Nikafyeka. Chini ya majani palikuwa na rundo la mawe yaliyopangwa kwa mkono, na kutoka kwenye rundo hilo ilitoka mitaro miwili mifupi, kila mmoja ukielekea upande wake, kama mikono ya mtu anayewaonesha wageni njia. Mtaro mmoja unakuonesha ilipo kona iliyotangulia, mwingine unakuonesha kona inayofuata. Mzee alichutama, akachokonoa udongo ndani ya mtaro kwa ncha ya fimbo, akasema: "Mvua ikiujaza huu, msitu huu hautakuwa na jirani upande ule. Utakuwa na mgogoro." Mitaro ile sasa imejaa, ndugu zangu. Sehemu nyingi imejaa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi bila mpaka haipotei kimya, hupotea kwa kesi. Bugoma hamhitaji kusimuliwa na mimi, maana ni pua na mdomo kutoka hapa: zaidi ya hekta 41,000 kwenye karatasi za hifadhi, na humo au pembeni mwake, kutegemea unamsikiliza nani, maili za mraba takriban 22 ambazo Ufalme wa Bunyoro-Kitara ulizikodisha kwa kiwanda cha Hoima Sugar mwaka 2016. Mamlaka ya Misitu ikasema ni msitu wa umma, Ufalme ukasema ni ardhi ya mababu yenye hati, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Masindi, hapahapa mjini kwetu, ikaupa Ufalme ushindi. Mabishano hayakuishia hapo. Sitasimama hapa kuamua kesi. Wapo humu waliosimama pande zote mbili na wote nitakunywa nao chai. Ninachosema ni cha kiufundi. Ardhi yenye wenyewe wawili haiwezi kubadilishwa. Utampa nani? Utapokea kwa nani? Kabla ya neno "mabadilishano" kutajwa, wapima wa pande zote mbili wawe wamelala porini pamoja, wamekula chungu kimoja, na wameweka mguu kwenye rundo lilelile la mawe.

Na hata serikali inapoamua kutoa kwa nia njema, kipimo kinaweza kuwasaliti watu. Mwaka 1983 kule Mlima Elgon, serikali iliamua kuwatengea Wabenet hekta 6,000 kutoka kwenye hifadhi ili wapate makao. Miaka kumi baadaye, mwaka 1993, mstari ulipopimwa upya, ikaonekana kilichogawiwa ni hekta 7,500. Hekta 1,500 zilikuwa zimepita juu ya karatasi. Mnadhani mwenye kuulizwa alikuwa nani? Ni yule aliyechora mstari? Hapana. Ni mama aliyekuwa amepanda viazi humo kwa miaka kumi, ambaye siku moja aliamka akiwa mvamizi wa hifadhi bila kuhama hata hatua moja. Mpaka mwaka 2005 walikuwa bado mahakamani, Mbale, wakitafuta kutambuliwa kuwa ni wenyeji wa mlima ule, na hata baada ya kutambuliwa hawakupumzika. Kosa la mpima mmoja linaweza kulala kwenye mgongo wa mjukuu wa mtu ambaye hakumwona kamwe.

Hapo naingia kwenye jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema mbele ya watu.

Kulikuwa na kazi niliyopewa, miaka mingi iliyopita, ya kupima shamba la mtu mwenye hati aliyeishi mbali, ambaye alikuwa anataka kulitoa shamba hilo kwa ofisi moja ya umma na kupewa jingine. Tulikaa pale siku tatu. Kwa siku hizo tatu uji tuliokunywa asubuhi, na mihogo tuliyokula jioni, vilitoka kwenye nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa na kibanja, yaani kipande alichokaa na kulima bila hati, katikati ya shamba lile. Alitufungulia hata stoo yake tuweke vifaa visinyeshewe. Nilipima kona zote, nikafunga hesabu, nikachora ramani safi ambayo mkubwa wangu aliisifu. Miaka kadhaa baadaye niliiona tena ramani ile kwenye faili, nikaitazama kwa muda mrefu. Kulikuwa na mto. Kulikuwa na njia. Kulikuwa hata na mwembe mmoja mkubwa, kwa sababu niliutumia kama alama. Nyumba ya mzee yule haikuwamo. Hakuna aliyeniambia nisiichore. Sikuambiwa tu niichore.

Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu wa namna ile. Aliyekaa kwenye ardhi na kuitumia bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, ana haki, awe na karatasi au asiwe nayo. Lakini mabadilishano hufanywa kati ya hati na hati. Mwenye hati anasaini, serikali inasaini, na mwenye kibanja anaamka akiwa ndani ya hifadhi. Wewe umepata shamba jipya. Yeye amepata askari wa misitu. Ninyi mlio na hati humu ndani, mkiwaza kubadilishana, hesabuni kwanza mioshi inayopanda asubuhi kwenye ardhi yenu. Na wewe mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, usipoyajua haya halafu ukapiga mhuri, utakuja kuulizwa.

Basi, swali lenu. Inawezekana?

Kisheria inawezekana, kwa njia ndefu niliyoitaja, ya Bunge na tathmini na tangazo. Na kwa msitu wenyewe, yapo mahali ambapo ingefaa sana. Sheria ya 2003 ilipokuwa inatungwa, takriban asilimia 70 ya misitu ya nchi hii ilikuwa nje ya hifadhi, kwenye ardhi za watu kama ninyi. Misitu hiyo ndiyo iliyokwenda kwa kasi. Vipande vyenu vya mtoni ni vyembamba, vingine havizidi upana wa kiwanja cha mpira, lakini ndivyo njia ya sokwe kati ya Budongo na Bugoma, na ndivyo vinavyouzuia mto usigeuke tope. Ukikata kimoja katikati, umeikata njia nzima, hata kama vingine kumi vimebaki. Upande wa pili, ndani ya mistari ya hifadhi mna vipande ambavyo havijaona mti kwa miaka ishirini, vimechakaa, vimelimwa, vimegeuka nyasi. Mtu mwenye busara anaweza kusema: hebu tuinyooshe mistari, umma uchukue mto, mkulima achukue nyasi.

Mimi ninakubaliana naye nusu. Nusu ninayoikataa ni hii: tukizoea kwamba kipande cha hifadhi kilichochakaa kinaweza kubadilishwa, mtajua kesho nini kitaanza kutokea kwenye vipande ambavyo havijachakaa. Mtu ataingia na pawasoo usiku, na baada ya miaka mitano ataleta ombi la kunyoosha mistari. Ndiyo maana mimi binafsi nisingegusa msitu wa asili uliosimama kwa mabadilishano yoyote, hata nikipewa mara saba, na kwa vile vilivyochakaa ningetaka kwanza ijulikane vilichakazwa na nani.

Tena yapo mambo mnayoweza kuyafanya kabla ya kufika huko, na hayahitaji Bunge. Sheria hiyohiyo ya 2003 inamruhusu mwenye msitu binafsi kuusajili. Kikundi kinaweza kuomba msitu wake utangazwe kuwa msitu wa jamii, ukabaki wenu, kwa kanuni zenu. Najua mtasema: bwana mpima, usajili haulipi karo. Ni kweli, haulipi. Lakini siku mtu atakapokuja kuwaambia kwamba msitu wenu ni kichaka tu kisicho na thamani, na kwamba ekari yenu moja ya mtoni ni sawa na ekari moja ya marramu, mtakuwa na karatasi yenye orodha ya miti, yenye mpaka na yenye tarehe. Bila hiyo mnauza mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni wenu.

Nimeona bwana mmoja pale mbele ananyoosha mkono tangu nilipotaja Bugoma; nitakupa nafasi, mzee, usiwe na wasiwasi. Ila nina tangazo moja kabla ya maswali. Kesho saa moja asubuhi, wale wanaoweza, tutakutana kwenye njia panda ya kuelekea msituni, tutembee mstari wa hifadhi kutoka kona moja hadi nyingine, tuone ni marundo mangapi ya mawe bado yapo na ni mitaro mingapi imejaa udongo. Nimewaomba watu wa misitu waje, na wamekubali. Wenye hati, njooni na nakala za ramani zenu. Wenye vibanja, njooni hivyohivyo. Vaeni gambuti, maana nyasi zimelowa, na kila kijiji kilete jembe moja la kuzibulia mitaro.